Njia ya Punda Kwenda Ziwani

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu alinizaa nao, serikali ikauajiri. Kwa hiyo nikisema kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima nilinyamaza juu ya jambo moja, anayenijua atadhani natania. Nilinyamaza juu ya hatua tatu za ardhi, na ilibidi dhoruba ije ndipo nifungue kinywa.

Nilifika Babati wakati mkoa wa Manyara ungali mpya, hata mihuri yake haijazoea mikono. Nilikuwa karani wa masjala, nimehamishwa kutoka Moshi kwa barua ya mistari minne, na sikuja kwa mapenzi. Vyumba tulivyofanyia kazi mwanzoni vilikuwa vya kuazima, mafaili yamelala kwenye maboksi ya sabuni, na mimi peke yangu ndiye niliyejua boksi lipi lina nini. Wenyeji walitupokea vizuri. Mgeni njoo mwenyeji apone, walituambia, wakatutafutia nyumba za kupanga, wakatuuzia mchele wa Magugu, wakatuonya tusizurure kando ya ziwa jioni kwa sababu ya viboko. Mtaani wakanibatiza Mama Mkoa. Nilijifanya sipendi.

Kabla miaka miwili haijaisha nilikuwa nimenunua kiwanja upande wa Nakwa, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Kando ya kiwanja hicho ilipita njia ya watu wote. Haikuwa na jina wala kibao. Ilikuwa njia ya udongo tu, pana, ng'ombe sita wangeweza kuteremka sambamba bila kugusana pembe, na mtaa mzima ulishuka nayo: mifugo ikienda kunywa, akina mama na ndoo zao, wavuvi, watoto wa kuoga, hata wachungaji waliobatiza kwa kuzamisha. Maji ya bomba siku zile yalikuja yakipenda. Ziwa ndilo lililokuwa bomba letu.

Mpaka wangu upande wa njia ulikuwa kisiki cha mgunga. Aliyeniuzia alinionyesha, nikakikanyaga kwa mguu wangu, nikasema sawa. Halafu nikajenga nyumba, nikataka na banda la kuku, nafasi ikaonekana haitoshi. Nikaitazama ile njia nikajiambia, njia ya nini pana hivi, kwani inapita treni? Nilipokwenda likizo nyumbani Kilimanjaro nilirudi na vipande vya masale nimevifunga kwenye khanga. Nikavichomeka ardhini hatua tatu ng'ambo ya kisiki, nikainua tuta la udongo nyuma yake, na juu ya kisiki chenyewe nikasimamisha banda la kuku.

Asiyejua masale nimweleze. Ni mmea wa majani marefu, hauna ua la kujivunia wala tunda la kula, lakini kwetu Wachaga ndio unaosema hapa ni pangu, pale ni pako. Mtu hagusi masale ya mwenzake. Na mtu aliyekukosea akikuletea jani la masale, si kwa kupenda kwako unasamehe, ni kwa sababu jani limekuja. Mmea wenye kazi hizo mbili haupandwi kwa uongo. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kufunga kilemba. Mimi niliupanda kwa uongo, na ukashika vizuri kuliko mahindi.

Hakuna aliyesema neno. Watu waliendelea kupita, wakabanana kidogo, wakanisalimia. Nikajua nimefaulu.

Dhoruba ilikuja masika, Jumamosi mchana. Upepo uliteremka kutoka mlima Kwaraa ukiwa umebeba mvua ya mawe, bati za jirani zikaruka, na ziwa, ambalo nilizoea kuliona limetulia, likaanza kupiga mawimbi. Lakini kilichotuumiza hakikutoka ziwani. Maji yote ya barabara ya juu yalikusanyika, yakaiona njia yetu, yakashuka nayo. Nilisimama dirishani nikayasikia yakikokota mawe. Mtu akisikia mawe yanakokotwa na maji hasahau.

Asubuhi ya Jumapili hapakuwa na njia. Palikuwa na korongo, kina chake kifua cha mtu mzima, limekatwa wima kama limechimbwa kwa beleshi. Huko chini, lile jukwaa la mawe ambalo akina mama walifulia na mitumbwi iliegeshwa lilikuwa limesombwa lote, pamebaki tope na matete yaliyolala. Masale yangu yalikuwa yamesimama. Tuta langu lilikuwa limesimama. Sikuhitaji mhandisi anieleze: maji yaliyozoea kutanuka kwenye njia pana yalikuta yamebanwa kati ya tuta langu na ukingo wa shamba la ng'ambo, yakachimba kwenda chini kwa kuwa pembeni hapakuwa na pa kwenda. Nilifunga dirisha nikajiandaa kwenda kanisani.

Baada ya ibada watu walikusanyika ukingoni. Mimi, kama kawaida yangu, nilishika nafasi. Nikawaeleza kwamba jambo kama lile lina utaratibu: iandikwe barua, ipitie mtaani, ipande kata, ipande tena, mtaalamu aje apime, ndipo kazi ianze. Nilizungumza vizuri sana. Fundi mwashi mmoja, Mnyaturu wa maneno machache mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji, ambaye ndiye aliyejenga nyumba yangu, alinisubiri nimalize.

"Andika, Mama Mkoa," akasema. "Sisi tunaanza kesho. Jibu likija litatukuta tunachimba."

Watu wakacheka. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Barua niliiandika, na faili nikalifungua mwenyewe, lakini hata kabla sijapata bahasha wao walikuwa wameshapiga sululu la kwanza.

Na hapa lazima niseme ukweli, maana watu wale walinivua kiburi bila kujua. Nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote na sijawahi kuona kazi ikipangwa vile. Hakukuwa na kamati. Hakukuwa na posho, wala mtu wa kuita majina. Fundi alikaa siku nzima ya kwanza bila kugusa jiwe, anazunguka tu juu kule barabarani, anachuchumaa, anaangalia majani yalivyolala ili ajue maji yalitokea wapi. Siku ya pili wakachimba makinga maji huko juu kabisa, mbali na korongo, nikawacheka kimoyomoyo kwamba wamepotea njia. Mvua iliyofuata ikanyesha, maji yakageuka yakaenda kwenye mfereji wa barabara, korongo likabaki kavu. Ndipo nikaelewa kwamba fundi hakuwa anatibu kidonda, alikuwa anamfukuza kwanza mbwa aliyeuma.

Wanawake wa kwaya walikuja kila jioni baada ya mazoezi. Walijipanga mstari kutoka juu hadi chini, jiwe likapita mkono kwa mkono, na waliposhindwa kuzungumza kwa kuhema waliimba, tena kwa sauti nne, kwa sababu kiongozi wao hakukubali uimbaji wa ovyo hata kwenye tope. Vijana wa stendi walijaza viroba mchanga wakitaniana. Mambo, poa, lete kiroba, buku yako iko wapi, basi siku nzima hivyo, na kazi inakwenda.

Mwenye duka la vifaa pale sokoni, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, alifungua stoo yake akatoa sululu, mabeleshi na makarai, akasema virudi vikiwa vimechakaa, vikirudi vipya atajua hatukufanya kazi. Ijumaa baada ya swala alikuja mwenyewe, akakunja kanzu, akageuza karai akalikalia, akaanza kuponda kokoto kwa nyundo ndogo. Mtu mwenye maduka mawili, anaponda kokoto. Nilimpelekea chai nikamwambia mzee wangu, mikono hiyo itaota malengelenge. Akaniambia ameshayaota, ananishukuru kwa chai.

Na mwenye shamba la ng'ambo, mtu ambaye nilikuwa nikimwona mchoyo kwa sababu hakuwahi kunigawia hata muhogo mmoja, aling'oa mihogo yake mstari mzima bila kuombwa, ikiwa bado michanga, akasogeza mpaka wake hatua moja ili korongo lipate bega la kuegemea. Zaidi ya hapo kulikuwa na mwamba. Nilimtazama aking'oa ile mihogo nikaingia ndani.

Sasa niwaambie kuhusu mama wa punda.

Alikuwa jirani yangu wa juu kidogo, Mgorowa, mwenyeji wa pale tangu mababu, mwanamke mrefu aliyekwishapita umri wa kubeba mizigo, ila alikuwa anaibeba. Alikuwa na punda wawili na wajukuu wawili. Punda walibeba madumu ya maji kutoka ziwani kwenda kwenye vibanda vya chai na mama ntilie wa mjini, safari nne kwa siku, na kutokana na safari hizo nne wajukuu walikula na kwenda shule. Hakuwa na kitu kingine. Njia ilipokatika, alilazimika kuzunguka mbali hadi kwenye matete, mahali viboko wanapopandia nchi kavu, na alipofika huko ilibidi asubiri jua liwe kali ndipo ateremke. Safari nne zikawa mbili. Siku nyingine moja.

Mtaa wote ulikuwa unajenga njia, lakini yeye ndiye aliyeihitaji kuliko wote, na alifanya kazi kuliko wote. Asubuhi alikwenda safari yake ya maji, mchana akawaleta punda walewale kubeba mawe kutoka chini ya mlima. Alikuwa hasemi. Alishusha mawe, akawapa punda nafasi ya kupumua, akaondoka tena. Nikimpa pole ananijibu ahsante bila kuniangalia usoni. Nikadhani ndivyo alivyo.

Wiki ya pili fundi alipigilia vigingi na kuvuta kamba ya kuonyesha njia mpya itapita wapi. Upande wangu kamba ilifuata masale. Ilipita pembeni kabisa ya majani, kwa heshima, kila jani likabaki upande wangu. Watu walikuwa waangalifu mpaka nikaona aibu kuwatazama. Mwanamke mmoja wa kwaya aliangusha jiwe likavunja shina moja. Jioni ile alikuja mlangoni kwangu na mumewe, wameshika kuku, kuomba radhi, kwa sababu walisikia Mchaga hakanyagiwi masale yake. Mungu wangu. Kuku nilimkataa. Nikawaambia yameisha, nikawasamehe. Mimi, nikawasamehe wao!

Kisha nikaona fundi anakata ngazi. Ngazi nzuri za mawe, zinashuka ndani ya korongo kwenye ubavu wake, kila kidato kimefungwa kwa jiwe refu lililoingia ardhini. Walishafika kidato cha kumi na moja ndipo nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, punda watapita wapi.

Alinieleza polepole, akionyesha kwa mwiko. Punda mwenye mzigo hashuki ngazi, atavunjika mguu. Anataka mteremko uliolala, na mteremko uliolala unakula nafasi. Kwa nafasi iliyobaki kati ya mwamba na mpaka wangu, ngazi ndiyo inayoingia, mteremko hauingii. Nikamwuliza kama mama wa punda anajua. Akasema alimwambia siku ya kwanza ya kupima, maana hakutaka abebe mawe kwa matumaini ya uongo. Mama wa punda alimjibu kwamba watu wengine watapita, akaendelea kubeba.

"Kama ningepata hatua tatu tu," fundi akasema. "Lakini mpaka ni mpaka, mama."

Nilimtazama machoni nione kama ananipiga kijembe. Hakuwa ananipiga. Alikuwa anahuzunikia kazi yake.

Nilirudi nyumbani nikajipa sababu. Nikajiambia nikisema sasa nitakuwa kichekesho cha mji, karani wa serikali mwizi wa njia. Nikajiambia banda la kuku ni gharama. Nikajiambia hata yule mama si ana miguu, si ataendelea kuzunguka kule kwenye matete. Mtu akiamua kujidanganya hakosi sababu, na mimi nina kipaji cha sababu.

Alhamisi ya wiki ya tatu alikuja mtu pale korongoni na fimbo na koti refu. Alikuwa mnunuzi wa punda, amepewa habari kwamba kuna wawili wanauzwa. Nilikuwa nimesimama na chupa yangu ya chai, nagawa chai kama mfadhili. Mama wa punda alimshika yule punda mkubwa taya, akamfungua kinywa ili mnunuzi ahesabu meno, na mgongoni punda bado ana mawe yetu. Mnunuzi akatazama meno, akatazama kwato, akaridhika, akataka aondoke nao leoleo. Mama wa punda akakataa. Akasema kuna mawe ya ngazi za mwisho bado hayajafika. Akamwambia aje Jumamosi jioni, kazi ya watu ikiisha.

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakulia, hakutazama upande wangu. Akamfunga punda kinywa, akamsugua shingo, akageuka kwenda kuleta mawe mengine ya ngazi ambazo punda wake hawatazipanda kamwe. Chai ilinimwagikia mkononi, ikaniunguza, sikusikia.

Sikula siku ile. Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya saa kumi na mbili, kulipopambazuka tu, nilitoka na jembe. Nilikuwa nimevaa gauni la ofisini kwa sababu sikufikiria. Nilianza na shina la kwanza. Niseme wazi kwamba niliogopa. Sijawahi kuona mtu wa kwetu akiling'oa sale lililoshika, na nilitazama huku na huku kama naiba, wakati ndiyo kwanza nilikuwa narudisha. La kwanza lilinitoa jasho. Baada ya hapo nikapata hasira, na hasira yangu mimi inafanya kazi. Nikang'oa, nikang'oa, nikabomoa tuta, nikaenda kwenye banda nikafungulia kuku wakatawanyika mtaani, nikaanza kung'oa mbao.

Fundi alinikuta hapo. Alisimama na mfuko wake wa vifaa begani, akatazama masale yaliyolala, akanitazama mimi na tope langu.

"Mpaka haukuwa pale," nikamwambia. "Mpaka ni hiki kisiki. Nilisogeza mimi."

Nilijiandaa kwa lolote. Nilikuwa nimepanga hadi maneno ya kujitetea, na mengine ya kumtukana akinisimanga. Aliweka mfuko chini, akaenda kwenye kigingi cha kwanza, akakichomoa, akahesabu hatua tatu kuja upande wangu, akakipigilia upya. Kisha akavua kofia, akajifuta uso, akaniomba nimshikie ncha ya kamba.

Wengine walipofika waliona. Watu wa Babati si vipofu. Waliona masale, waliona kisiki, waliona kamba mahali ilipo, na hesabu ile haihitaji darasa la saba. Nikangoja mtu aanze. Vijana wa stendi, wale wenye maneno kuliko redio, walianza kubomoa mabaki ya banda langu na kupanga mbao vizuri pembeni ili nizitumie tena. Wanawake wa kwaya wakaenda kunikamatia kuku. Mwenye duka alipokuja baada ya swala alipitisha macho mara moja tu, akaniambia Mungu akuzidishie. Ingekuwa afadhali anitukane. Hadi leo sijui ni adabu gani ile watu wale waliyokuwa nayo, ya kumwona mtu uchi na wote kwa pamoja wakageukia kazi. Ningekuwa mimi nimemfumania mwenzangu, ningesema mpaka Krismasi.

Mama wa punda alifika mchana na mzigo wake wa mawe. Alisimama juu pale, akaona mteremko unavyolazwa kando ya ngazi, mpana, unashuka polepole. Akashusha mawe kama kila siku. Fundi akamwambia mawe hayo sasa ni ya ukingo wa njia ya punda. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuleta mengine.

Jioni nilichuma jani moja kwenye yale masale niliyoyang'oa, nikalifunga fundo kama tunavyofanya kwetu, nikapanda kwake. Alikuwa anawapa punda pumba. Nikamwamkia, nikampa lile jani kwa mikono miwili, nikamweleza maana yake. Alilipokea akaligeuza geuza. Nadhani alitaka kujua kama punda wanalila. Nikamwomba radhi. Nikamwambia njia niliibana mimi, na korongo nililisababisha mimi, na yeye nusura auze punda kwa sababu yangu.

Akasema, "Nilijua. Kisiki kile nilikuwa nafungia ndama, nikiwa msichana."

Siku zote zile nilipokuwa nikimtazama akibeba mawe kimya, moyoni nilikuwa nimemfanya mtakatifu. Nilishaanza kujisimulia habari zake: mwanamke mvumilivu, moyo wa dhahabu, anaacha mambo kwa Mungu. Nikamwuliza mbona hakusema, angalau kwa fundi, wakati alijua atapoteza kila kitu.

"Nikuseme wewe?" Alikuwa bado anatazama pumba. "Wewe ni mtu wa mkoa. Nikisema leo, kesho naitwa ofisini. Ninaitwa kwa kosa gani, sijui. Nina watoto hawa wawili. Niliogopa, mama."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno likaniingia namna hiyo. Mimi nilijiona mtu wa watu. Nagawa chai, nasalimia, naandika barua. Kumbe kwa jirani yangu nilikuwa kitu cha kuogopwa kuliko viboko, maana kwenye viboko alikwenda kila siku, mlangoni kwangu hakuja hata mara moja. Nililia palepale mbele ya punda wake. Hakunibembeleza, wala hakuniambia usilie. Aliningoja nimalize, akaniambia kesho atamrudisha mnunuzi mikono mitupu, halafu akaingia kupika.

Njia ilikwisha wiki mbili baadaye. Hakukuwa na sherehe wala utepe. Jukwaa la kufulia lilirudishwa kwa mawe makubwa zaidi, kando ya korongo wakapanda majani ya tembo kushika udongo, fundi akakusanya vifaa vya duka, vyote vimechakaa, na kila mtu akarudi kwenye shughuli yake. Siku ya kwanza punda walipoteremka na madumu matupu, walishuka bila kusita, wakipiga kwato kwenye kokoto alizoponda yule mzee wa duka. Nilichelewa kazini kwa kuwatazama.

Lakini mwenye punda bado aliniogopa. Nilijitahidi. Nilimpelekea uji wa wagonjwa mjukuu alipougua, nikamkaribisha chai, nikamwamkia kwa heshima zote. Alipokea, akashukuru, macho chini. Miezi ikapita hivyo. Nikaanza kukubali kwamba jambo hilo halirekebishwi kwa sululu.

Mwaka uliofuata, mahindi yangu yakiwa yameanza kubeba, niliamka asubuhi nikakuta punda mkubwa yuko ndani ya shamba langu, anatafuna kama amealikwa harusini. Mstari mmoja ulikuwa umekwisha, wa pili umefika katikati. Zamani ningeamsha mtaa. Nilimtoa kwa upole, nikampandisha kwa mwenyewe huku nimeshika bua lililotafunwa, nikamkuta anafunga madumu. Nikaanza kwa adabu, nikasema mama, samahani, huyu ameingia kidogo kwenye mahindi.

Aliinuka. Alinitazama usoni, sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Na wewe ule ni uzio gani? Miba miwili na tundu la kupita ng'ombe! Punda anajua kusoma, aone hapa ni kwa mwenye ofisi? Ziba uzio wako, usije hapa kunichelewesha na bua mkononi, mimi nina maji ya watu."

Akaninyang'anya kamba ya punda mkononi, akaendelea kuninung'unikia kwa Kigorowa mambo ambayo nashukuru sikuyaelewa. Nilisimama pale na bua langu, furaha imenijaa kooni mpaka nikaogopa itatoka kama kicheko naye aone namdharau. Nikamwambia ndiyo, mama. Nikashuka nikatafuta miba na waya, nikaziba lile tundu.